Umeme ukikatika Lubumbashi, hewa ukaa inapanda

Nikisema kazi yangu ni kupiga hesabu ya hewa ukaa ya miji, watu wa hapa Lubumbashi hunionyesha bomba refu la kiwanda cha zamani cha shaba. Mimi huanzia jikoni.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha: idadi ya watu, nishati anayotumia kila mmoja, na kaboni iliyomo katika nishati hiyo. Watu wanaongezeka, hilo halina ubishi. Magari yanafuata watu na pesa, hayana fumbo. Kinachopanda na kushuka ghafla ni kaboni. Umeme wetu unatokana na maji: vituo vya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, Mwadingusha kwenye mto Lufira, hata Inga kule mbali. Kaboni yake ni kidogo sana. Ukikatika tu, sufuria ya sombe (majani ya muhogo) inatoka kwenye resho, jiko la umeme, inahamia kwenye mbabula, jiko la makaa, na muuza samaki wa baridi anawasha jenereta. Kila lita ya mazutu (dizeli) inayoungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ukaa. Watu ni walewale, na bukari (ugali wetu) ni ileile.

Makala, yaani makaa ya kuni, ndiyo yanayonisumbua zaidi. Tanuri la udongo hula kilo 5 hadi 10 za mti mkavu kutoa kilo 1 ya makala, kwa hiyo moshi mwingi umeshatoka porini kabla baiskeli yenye magunia haijaingia Katuba, mtaa wa hapa mjini. Uandikwe kwenye daftari la nani? Kanuni za kimataifa huiweka kando hewa ukaa ya kuni na makala, kana kwamba mti utaota tena na kuinyonya. Methani, gesi nyingine ya moshi huo, ndiyo inayoingia kwenye jumla, pamoja na oksidi ya naitrojeni (N2O). Sawa, kama mti unaachwa uote. Miombo, misitu ya huku kwetu, ikikatwa haraka kuliko inavyochipua, jumla ya mji inapendeza kuliko hali yenyewe.

Kushuka nako kuna hila zake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Moshi ulipungua, na mishahara pia. Anayetazama jumla peke yake ataipongeza njaa.

Basi nikiletewa takwimu za mwaka, kwanza naulizia saa za umeme, komine (wilaya ya mji) kwa komine.