Julai Pori Lina Watu: Watembeaji na Wenye Bunduki Kwenye Msitu Mmoja

Wiki iliyopita kijana mmoja wa kikundi cha matembezi kutoka Mwanza alinipigia simu. Wanataka kuja Tabora mwezi wa nane, watembee siku tatu kwenye miombo, walale kwenye mahema, wafuate kipande cha njia ya zamani ya misafara iliyokuwa ikielekea Ujiji. Akauliza habari za maji, mbung'o na mtandao wa simu. Mimi nikamuuliza, "Mmeshajua nani mwingine atakuwa humo mwezi wa nane?" Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kwani si pori tu, kaka?"

Jibu hilo limenikalisha niandike. Nimekuwa msoma nyayo wa wawindaji kwa miaka kumi na sita, na huu ni mwaka wa saba nasindikiza watembeaji. Pande zote mbili nimekula nazo ugali, na nazipenda zote mbili.

Kiangazi kikishaingia, miombo yetu inajaa watu. Nyasi zimekauka, mbuga zilizotuama maji tangu Desemba zimeanza kupitika, na kila mwenye shughuli yake anaona wakati ndio huu. Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa tarehe 1 Julai. Warina asali wako kambini wiki tatu, wiki nne, mizinga yao ya magome imetundikwa huku na huko kwenye miti ya mitundu na miyombo, mingine mbali kiasi cha kuhitaji baiskeli kutwa nzima. Kuna wafugaji wanaofuata malisho, wachimba dawa, wakata mbao wenye vibali na wasio navyo. Sasa mmeongezeka ninyi wa mahema na mabegi ya mgongoni. Karibu kila mmoja huingia akidhani yuko peke yake.

Ukitaka kutembea mahali pasipowindwa kabisa, nenda Hifadhi ya Taifa Mto Ugalla. Hadi 2019 lilikuwa pori la akiba na watu waliwinda humo. Lilipopandishwa hadhi uwindaji ukakoma, na sasa mambo yako chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Lakini maeneo ya jumuiya za hifadhi, yale ya wanyamapori yanayosimamiwa na vijiji, kama Ipole kule Sikonge na Uyumbu kule Urambo, ni habari nyingine, na misitu ya hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu, ni nyingine tena. Kibali chako kinakuruhusu kuingia. Hakikuambii ni nani mwingine kapewa chake, na chake kinaruhusu nini. Hilo lazima uulize kwa mdomo wako palepale unapochukua kibali: wiki hii kuna mwindaji? Kambi yake iko wapi? Anazunguka upande gani asubuhi? Ukishajibiwa, acha karatasi yenye idadi yenu, tarehe, njia mtakayopita na namba ya simu. Uliza pia kwa mtendaji wa kijiji cha mwisho kabla ya msitu, kwa sababu yeye ndiye anayewajua warina asali kwa majina. Kama kambi ya mwindaji iko njiani kwenu, piteni mchana kweupe kwa barabara ya gari, mpige hodi. Sijaona kambi iliyofukuza watu waliobisha hodi. Mara nyingi mtapewa chai.

Kwa nini nasisitiza hivyo nitaeleza kwa asubuhi moja ya Septemba, miaka mingi sasa.

Tulikuwa watano: mgeni mwenye raifo, mwindaji bingwa aliyetuajiri, askari wa wanyamapori, mbeba maji na mimi. Tulikuwa tumemfuata kongoni dume tangu alfajiri, akasimama ukingoni mwa mbuga, ubavu wazi, hatua kama mia na ishirini. Nikasimamisha fimbo za kuegeshea bunduki. Mgeni akaweka jicho kwenye darubini. Mimi nilikuwa simtazami kongoni tena, kwa sababu kazi ya msoma nyayo wakati huo ni kutazama kila kitu kingine. Nyuma ya kongoni, kati ya mashina mawili, nikaona uzi wa moshi. Mwembamba, wa buluu, unapanda wima kwa sababu upepo haukuwepo. Moshi wa moto wa msitu hutambaa. Huu ulikuwa unatoka juu ya mti.

Nikafunika darubini kwa kiganja.

Mgeni alikasirika, kongoni akaondoka. Tulipofika pale tulimkuta mzee juu ya mtundu, kienge cha kufukizia nyuki mkononi, anashusha mzinga kwa kamba, na kijana wake chini anaupokea. Koti la kijana lilikuwa la kaki, rangi ileile ya kongoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akatazama bunduki, akatazama mahali tulipotokea. "Marahaba, mwanangu. Mimi nimewasikia tangu gari lenu lilipozimwa. Nikadhani na ninyi mnajua nipo." Alikuwa na kibali. Sisi pia tulikuwa nacho. Kambi yetu, ambayo siitaji, haikuwa imeuliza mtu yeyote pale kijijini.

Kiganja changu kilitetemeka mpaka jioni.

Sasa tazameni ardhi yenyewe. Uwanda wa Tabora uko kama meta 1,200 juu ya usawa wa bahari na ni tambarare. Ukisimama katikati ya miombo huoni kilima. Kule Kigoma, kwenye miteremko inayoshukia Ziwa Tanganyika, mwenye bunduki anaweza kungoja mnyama awe na mlima nyuma yake, mlima uimeze risasi. Huku hatuna huo mlima. Risasi ya raifo ikimkosa mnyama, au ikimpita mwilini, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3 kama hakuna kitu cha kuizuia, na majani ya mninga hayazuii kitu. Mwindaji mzuri wa huku hutafuta kichuguu. Vichuguu vyetu ni vikubwa, vingine vimepita urefu wa nyumba, na udongo wake ni mgumu kama tofali la kuchoma. Anangoja mnyama apite mbele ya kichuguu, au anapiga kwa pembe ya kushuka ili risasi iishie ardhini. Asipopata, anashusha bunduki. Nimewaona wageni waliosafiri kutoka bara jingine wakishushiwa bunduki kwa sababu hiyo, na waliokuwa wawindaji kweli hawakulalamika.

Ninyi watembeaji nanyi mnapenda vichuguu, kwa kivuli. Mkipumzika nyuma yake, mtu wa upande wa pili hawaoni kabisa. Tundikeni fulana moja ya rangi kali juu, ndipo mkae.

Rangi ina mambo yake. Marekani majimbo mengi humtaka mwindaji mwenyewe avae rangi ya chungwa inayong'aa, na sababu yake ni nzuri: jicho la binadamu huidaka mbali, ilhali swala na jamaa zake hawaioni kwa ukali tunaoiona sisi. Kwetu dawa ni rahisi, ni kile kizibao cha rifleksa cha bodaboda. Nunueni cha rangi ya chungwa, kimoja kwa kila mtu. Lakini kiwe kipya. Kuanzia Agosti miombo huchipua majani mekundu, ya shaba, ya chungwa, kabla mvua haijanyesha, na kizibao kilichopauka na kuingia vumbi hupotea humo kabisa. Buluu na nyeusi acheni nyumbani. Buluu mbung'o wanaipenda mno, ndiyo maana vitambaa vya mitego yao hushonwa kwa buluu na nyeusi, na nguo nyeusi huwachokoza nyuki. Kaki na kahawia mmeshasikia habari ya yule kijana. Nguo za mabaka kama za jeshi msithubutu, raia haruhusiwi kuzivaa nchini.

Halafu sauti. Watembeaji wengi huingia msituni kwa kunyata, wakitumaini kuona wanyama. Msimu wa uwindaji msinyate. Ongeeni kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaotoka sokoni. Sauti ya mtu husikika mbali kwenye msitu mkavu, na mwindaji akiisikia anajua asipige upande ule. Nyati naye akisikia anapata muda wa kuondoka, badala ya kushtushwa hatua kumi. Spika ya muziki ni jambo tofauti. Inawaharibia wengine siku nzima, na nyinyi wenyewe hamtasikia mtu akiwaita. Kila mmoja awe na filimbi shingoni. Mkisikia mlio wa bunduki kwa mbali, simameni pamoja, pigeni filimbi, iteni kwa sauti, mngoje kidogo kabla ya kuendelea. Msikimbie hovyo: mwendo wa ghafla kwenye vichaka ndio unaomdanganya mwenye bunduki. Risasi ikipita karibu, laleni nyuma ya kichuguu au shina nene na mpige kelele bila kuacha.

Mkimwona mwindaji ananyemelea mnyama, simameni. Inueni mkono akitazama kwenu, kisha rudini mlikotoka au mzunguke nyuma yake, kamwe msikatize mbele. Najua wapo kati yenu wasiopenda uwindaji, na sitajaribu kuwabadilisha. Lakini kumshtua mnyama kwa makusudi wakati kidole kiko kwenye kifyatulio hakumwokoi. Kunamjeruhi. Nyati aliyejeruhiwa hujificha kwenye kichaka akingoja, na atakayepita hapo kesho yake ni mwanamke wa kuni au mtoto wa kuchunga. Kwa hiyo mkikuta damu mbichi njiani, msiifuate. Rudini, mtoe taarifa kwa askari.

Kwa wenye bunduki nina maneno machache, na nayasema kwa uzito zaidi kwa sababu chombo kinachoua kiko mikononi mwenu. Sheria tayari inakataza kuwinda usiku, kwa taa, au kupiga kutoka kwenye gari. Ongezeni ya heshima. Mkikutana na watembeaji, mtutu uelekee ardhini na risasi itoke chemba kabla hamjasalimiana, waone mkifanya hivyo. Anayewasogelea wa kwanza awe asiye na bunduki. "Mwangaluka" moja yenye tabasamu inashusha mabega ya watu kumi. Waambieni mko upande gani mpaka jioni, nao wawaambie wanalala wapi. Nyama iliyo kwenye gari ifunikwe. Na ninyi mnaopiga picha, ombeni kwanza.

Mambo mengine nayapita haraka. Mbwa asije. Moto wa kambi uzimwe kwa maji na kufukiwa mchanga, maana moto wa Septemba hauangalii mizinga ya nani. Mkikuta mtego wa nyaya, msiung'oe mkaweka kwenye begi, kwa sababu mtu atakayewapekua mbele hatajua mmeutoa wapi; pigeni picha, wekeni alama ya mahali kwenye simu, mpeleke taarifa.

Yule mzee wa mtundu bado anarina. Mwaka juzi nilimpelekea vizibao viwili vya chungwa, akavipokea, akanipa na yeye masharti: nikiwa mbali nipige kelele nipendavyo, nikikaribia mti wenye moshi ninyamaze na niwazuie watu wangu, maana nyuki walioamshwa hawachagui mgeni na mwenyeji.

Jana kijana wa Mwanza amenitumia njia yao ikiwa imechorwa kwenye ramani. Siku ya pili inapita karibu na kambi ya mzee. Nimempigia mzee jioni. Amesema wapite, wala hakuna neno, ila siku hiyo wasifike kabla ya saa nne, kwa sababu asubuhi yote atakuwa juu ya miti.