Meno ya kahawia ya watoto wa Arusha: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtoto wa Usa River au Maji ya Chai akicheka, mara nyingi unaona madoa ya kahawia kwenye meno, na mgeni huwa na jibu tayari: hawa hawapigi mswaki. Si kweli, na maneno hayo yanawaaibisha watoto bure. Madoa hayo hayajaganda juu ya jino, yamo ndani yake. Floraidi, madini yanayoyeyuka kwenye maji tunayokunywa, ikizidi mwilini wakati jino bado linajengwa ndani ya ufizi, gamba lake gumu hutoka na kasoro. Sugua kwa mkaa, sugua kwa chumvi, hayatoki. Utalichubua jino tu.

Floraidi hiyo inatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, na vyanzo kadhaa vya Arumeru vinapita hapo kwa mbali. Kwa hiyo mtu anaposema maji ya chemchemi, maangavu na ya baridi, hayana neno, naingiwa na wasiwasi. Floraidi haina rangi wala harufu. Kisima cha jirani kinaweza kuwa salama na chako kikawa nayo maradufu. Utajua kwa kupima tu.

Na kuchemsha je? Chemsha, maana kuhara si jambo la mchezo kwa mtoto. Lakini moto unaua vijidudu, hauondoi floraidi. Maji yanapoondoka kama mvuke, floraidi inabaki sufuriani, kwa hiyo maji yaliyochemka muda mrefu yanakuwa nayo nzito zaidi kuliko yalivyotoka bombani.

Halafu kuna magadi, ambayo wengi hawayahesabu kabisa. Pale sokoni Kilombero au Tengeru utayaona yamepangwa kwa mafungu, madonge ya rangi ya majivu. Donge dogo linatupiwa kwenye makande au kiburu, maharage yanalainika haraka, kuni zinabaki. Bibi atakwambia, "Mwanangu, makande bila magadi hayaivi." Yanaiva. Loweka mahindi na maharage tangu jioni, umwage maji yale, kesho yake bandika. Yatachukua muda kidogo zaidi, hilo nakubali. Lakini magadi ya huku kaskazini yaliyopimwa yamekutwa na floraidi, mengine nyingi mno, na mtoto wa miaka miwili anapakuliwa kwenye sufuria hiyo hiyo. Hata mama aliyehangaika kutafuta maji mazuri anaweza kuirudisha floraidi mezani kwa kijiko cha magadi.

Chai nayo isiwe kinywaji cha mtoto mdogo: majani yake yana floraidi, na tena yanauzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyo kwenye chakula.

Wapo akina mama wanaoogopa kunyonyesha kwa sababu wao wenyewe wanakunywa maji hayo. Wasiogope. Floraidi inayopita kwenye maziwa ya mama ni kidogo sana, hata kama maji yake yana nyingi. Miezi 6 ya maziwa ya mama peke yake ni kinga. Hatari inaanza na uji uliokorogwa kwa maji ya kisima.

Dhana inayochelewesha wazazi kuliko zote ni hii: "Hayo ni meno ya utoto, yatang'oka." Meno ya mbele ya ukubwani yanaanza kujengwa mtoto akiwa bado mchanga, na gamba lake linakamilika akiwa na miaka 4 au 5. Utakapoyaona, akiwa na miaka 6 au 7, yameshaamuliwa zamani.

Kama maji mazuri hayatoshi nyumba nzima, basi yawe ya mtoto kwanza: uji wake, mtori wake, maji yake ya kunywa. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kisha kinga, na ya kunywa uyachemshe. Kituo cha Ngurdoto kimefanya kazi miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa, na mkaa huo ukishachoka sharti ubadilishwe.