Nani kakwambia kesi ikiahirishwa ndio imeuzwa?

Juzi baada ya Isha napigiwa simu na mjomba wa mteja wangu, yuko Pemba, hata salamu kaipitisha mbio: "Wakili, tumesikia kesi imesogezwa tena. Sasa hao wenzetu wametoa ngapi?"

Yaani keshahukumu. Mtoto wa dadaake aligongwa na gari ya abiria akiwa juu ya vespa, mguu ukavunjika chini ya goti sehemu mbili, tumefungua madai ya fidia, kesi imeahirishwa, basi barazani kwao washakaa wakapitisha kuwa ima hakimu kala ama mie nimekula, na kwa ile sauti yake nadhani kura nyingi nilipata mie.

Nshachoka kulieleza hili mmoja mmoja kwenye simu, naliandika hapa mara moja nipumue.

"Mara saba wakili, mara saba!" ndivyo alivyonambia. Nikafungua jalada tukahesabu pamoja. Ya kwanza mdaiwa hajapata samansi, yaani wito wa mahakama, dereva kahama na hajulikani kahamia wapi. Ya pili kaja, kaomba muda wa kuleta majibu ya madai. Ya tatu majibu yameletwa ila mie sijapewa nakala. Ya nne tumeandika hoja bishaniwa, yaani yale mambo hasa tunayobishania na wenzetu. Ya tano hakimu yuko likizo, karani katupa tarehe nyengine. Hizo tano zote zilikuwa za KUTAJWA, jamani, kutajwa! Siku ya kutajwa hapandi shahidi, tunaingia, hakimu anauliza tumefika wapi, tunaandika tarehe, tunatoka, dakika tatu nyingi. Sasa watu wamekodi gari kutoka Konde, wamekuja sita na mgonjwa na magongo yake na bahasha ya eksirei kwapani, wamekaa kwenye benchi toka saa mbili asubuhi, wakirudi wanasema kesi imeahirishwa. Haikuahirishwa! Haikupangwa kusikilizwa siku hiyo toka mwanzo. Kesi huahirishwa pale ilipopangwa KUSIKILIZWA na isisikilizwe, hapo ndio uje kuniuliza kwa nini, na mie nna wajibu wa kukujibu.

Ila hapa na sisi mawakili tuna lawama yetu. Tunamwambia mteja "tarehe ishirini njoo mahakamani" basi, hatumwambii ya nini. Mie mwenyewe nimefanya hivyo miaka, na nauli za watu zimekwenda bure.

Zimebaki mbili. Moja, wakili wa upande wa pili aliitwa Mahakama ya Rufani, ilikuwa na vikao vyake hapa Zanzibar, na desturi yetu mahakama ya juu ikikuita ya chini inasubiri. Hapo hakuna wa kulaumiwa.

Na ya saba niliomba mie.

Mjomba akanyamaza. Nikasikia mpaka redio ya kwao.

Sikiliza, fidia ya mwili hutolewa mara moja tu kwa ajali moja. Hukumu ikishatoka, mwakani mguu ukafupika ama goti likagoma kukunja, huwezi kurudi kwa hakimu ukamwambia niongeze. Mteja wangu bado ana vyuma mguuni. Daktari anasema mpaka vitoke ndio atajua goti litakunja kiasi gani, na ile ripoti ya ulemavu wa kudumu, ile ya asilimia, anaitaka aiandike mguu ukishatulia. Nikimpandisha daktari leo, wakili wa bima ya ile gari hana haja ya maswali kumi, anauliza moja tu, "Dokta, inawezekana akapona kabisa?" na daktari mkweli atajibu inawezekana. Umekwisha hapo, unalipwa kama mtu anaekaribia kupona.

Sasa usubiri mpaka lini? Hapo nakiri, sijui. Tulifundishwa usubiri hali ya mgonjwa itulie, hatukufundishwa shahidi nae anasubiri wapi. Kuna kesi niliisubirisha hivi hivi kwa sababu ya daktari, na shahidi wangu mmoja tu alieiona ajali kwa macho, muuza machungwa wa pembeni ya njia, akapata kazi Oman akaondoka zake. Ripoti nikaipata nzuri, asilimia zake safi, wa kusema gari ilihama upande simnae. Mpaka leo sina hakika kama nilifanya sawa.

Halafu kuna risiti. Fidia maalum, yaani zile pesa zilizokwisha kutoka mfukoni, dawa, nauli ya boti, eksirei, lazima uziandike kwenye hati ya madai na uzithibitishe moja moja, hakimu hakisii. Na risiti za siku hizi ni zile karatasi laini za mashine, wino wake unakufa. Mteja wangu mmoja bibi mtu mzima alizitunza kwa adabu zote, mfuko wa plastiki, juu ya kabati, chini ya bati linalopigwa na jua kutwa. Siku ya kusikilizwa naufungua mfuko: karatasi kumi na moja nyeupe pee. Nikazimulika na tochi ya simu kwa ubavu, kwenye moja nikaona herufi za "JUM" ya jumla, na jumla yenyewe haipo. Kwa hiyo risiti ukipewa leo, toa kopi leo, na ile asili uiweke pahala pa baridi.

Hili la ED, kile cheti cha daktari cha kusema mtu anaumwa apumzike, nalipitisha haraka maana linanipandisha presha. Kupeleka cheti cha daktari hakuahirishi kesi, ni ombi tu. Sheria yetu ya mwenendo wa madai, Sura ya 8, inataka sababu ya kutosha, na wa kusema inatosha ni hakimu, sio daktari, wala si mimi na wakili mwenzangu tuliokubaliana nje kwenye korido. Akikataa na mdai hayupo, kesi inafutwa, uanze kuhangaika na kiapo kuomba irejeshwe. Mdaiwa asipokuja inasikilizwa ya upande mmoja. Ukipewa muda wa kuleta shahidi na hukumleta, hakimu anaweza kuamua kwa kile kilichopo mezani. Na nyie mnaovuka bahari, kusi likikaza boti isiondoke, usiitupe tiketi, hiyo ndio sababu yako.

Ahirisho za hila zipo? Zipo, sikatai. Bima haina haraka, pesa zimelala kwao, na riba ya fidia ya jumla, ile ya maumivu na ulemavu isiyo na risiti, kwa kawaida huanza kuhesabika siku ya hukumu, sio siku ulioanguka na vespa. Basi siku ya kusikilizwa anakuja wakili mpya kabisa, "Mheshimiwa, ndio kwanza nimekabidhiwa jalada." Mie hapo husimama nikaomba gharama za siku hiyo, na iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi, kuwa hili ni ahirisho la mwisho. Nimeshaona kesi moja ina "la mwisho" tatu. Lakini huko ni kuichosha kesi, kuiuza ni jambo jengine, na ukiwa na ushahidi wa kuuzwa kaushitaki, usinipigie mie usiku kuniuliza ngapi.

Vyuma vinatolewa mwezi ujao inshallah. Daktari kasema baada ya hapo anataka miezi mitatu ya mazoezi kabla hajaandika kitu, na tarehe ya kusikilizwa iko kabla ya miezi hiyo kwisha. Maana yake ahirisho la nane nnaliomba tena mie, na mjomba bado sijamwambia.