Ukame Haubebi Rungu

Wiki iliyopita, baada ya kikao cha maji Mai Mahiu, mzee mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, kiangazi kikikaza lazima watu wapigane. Hayo ni mambo ya Mungu." Miaka yote niliyofanya upatanishi huku Nakuru na kule Nyando, nimelisikia neno hilo kwa machifu, kwa walimu, hata kwa vijana wenye vidonda vya mishale. Nilimjibu mzee kwa heshima. Hapa nitalijibu kwa kirefu, pamoja na maneno mengine ninayoyasikia kuhusu ugomvi wa maji.

"Ukame ndio unaopiganisha watu."

Hapo hapo Mai Mahiu, Januari 2005, wafugaji Wamaasai na wakulima Wakikuyu walipigana kwa sababu ya maji ya Mto Ewaso Kedong. Zaidi ya watu 10 waliuawa na maelfu wakakimbia makwao. Jua lilikuwa kali, ndiyo. Lakini Januari huwa na jua kali kila mwaka, na si kila Januari tunazika watu. Wafugaji walilalamika kwamba maji yamechepushwa huko juu kumwagilia shamba. Nani ameyachepusha, na kwa ruhusa ya nani? Swali hilo huwezi kuyauliza mawingu.

Mabadiliko ya tabianchi yanaingia kwa njia nyingine. Joto likizidi, nyasi hukauka mapema na mvua hupotea njia. Mfugaji ambaye zamani alifika mtoni mkulima akiwa ameshavuna, sasa anafika sukumawiki na nyanya zikiwa bado shambani. Kalenda ndiyo iliyokuwa ikiwatenganisha, na kalenda imevurugika. Wakikutana penye utaratibu watarushiana maneno na kila mtu ataenda zake. Pasipo na utaratibu, ng'ombe mmoja akikanyaga mboga, filimbi ya kuitana vitani inapulizwa.

Kuna kisima kimoja nakijua chenye kaunta buku iliyofungwa kwa kamba ya katani mlangoni pa pampu. Kila mstari una jina, idadi ya mifugo na saa ya kunywesha, na kurasa zimejaa alama za vidole vyenye tope. Februari moja nilikuwapo kijana alipokuja na ng'ombe wengi akitaka kuwapita akina mama wenye mitungi. Mama mwenye ufunguo alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye mstari: "Wewe ni saa tisa." Kijana alinung'unika, kisha akawageuza ng'ombe kuelekea kivulini. Kiangazi kilikuwa kile kile kilichoziumiza sehemu nyingine.

Ndiyo maana sichoki kuwaambia: kaeni kikao Novemba, nyasi zikiwa bado mbichi. Andikeni zamu, andikeni nani anashika ufunguo, andikeni faini. Mniite Novemba! Mkiniita Februari, maiti ikiwa tayari mochari, nitawasaidia kupanga mazishi tu.

"Hali ya hewa haihusiki, ni wanasiasa tu."

Wachochezi wapo, nami nimekaa nao meza moja. Lakini kuanzia mwishoni mwa 2020, Pembe ya Afrika, Kenya ikiwamo, ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na uchambuzi wa wanasayansi wa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukavu wa namna ile takriban mara 100. Mchochezi humtafuta aliyekwisha kupoteza mifugo.

"Mvua ikirudi, amani inarudi."

Marsabit, kaskazini mwa Kenya, watafiti walipohesabu mauaji ya miaka mingi, waliyakuta mengi katika miaka ya mvua nzuri. Nyasi ndefu humficha mwizi, na ng'ombe aliyeshiba anaweza kuswagwa mbali. Hapa Nakuru nako, ziwa limepanda hadi likafunika mashamba upande wa Mwariki na Barut. Maji yakishuka, mawe ya mpaka yatakuwa wapi? Majirani waende na mpima ardhi mapema.

"Ugomvi wa maji ni wa wanaume."

Hili husemwa na wanaume, kikaoni, wakiwa wamekaa peke yao. Kisima kikikauka, msichana ndiye anayetembea mbali zaidi na kurudi giza limeingia, na akichelewa anapigwa nyumbani. Siku hizi sifungui kikao kama hakuna mwanamke mezani. Mwezi uliopita tulisubiri saa mbili nzima chini ya mti hadi wazee wakatuma pikipiki kumchukua mama wa pampu.