Kuilenga ncha ya kusini ya anga ukiwa uani Mbeya

Nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, zina mwanga hafifu, hivyo kila picha inahitaji sekunde nyingi. Dunia nayo haitulii: huzunguka nyuzi 15 kwa saa, na kwa lenzi ya milimita 200 nyota huanza kuwa vistari baada ya sekunde mbili tatu. Ndiyo maana kamera huwekwa juu ya traka, mota inayoigeuza taratibu kufuata nyota. Mhimili wa traka lazima uelekee ncha ya anga, yaani pale ambapo nyota zote huonekana kuzunguka, na hapo ndipo sisi wa Mbeya tunapotoka jasho.

Tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, basi ncha ya kusini nayo iko nyuzi 9 juu ya upeo wa macho, hata ngumi moja ya mkono ulionyooshwa haifiki. Polaris, nyota iliyo karibu na ncha ya kaskazini wanayoitegemea watu wa huko, kwetu haichomozi kabisa. Nyota ya ncha ya kusini, Sigma Octantis, ni hafifu mno; migomba, ukuta wa jirani au moshi wa mashamba unaimeza.

Kwa hiyo naanza mchana, kwa timazi ya fundi mwashi. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, Mbeya iko nyuzi 33 na nusu, ndiyo maana katikati ya Juni jua hufika kilele chake saa 6:46 mchana. Wakati huo liko upande wa kaskazini, na kivuli cha uzi kinalala kusini barabara. Nakipigia mstari wa chaki. Dira ya simu siiamini, hasa penye nondo na mabati.

Usiku tripodi inakaa juu ya mstari huo, nainamisha mhimili nyuzi 9, kisha nalenga nyota iliyo juu, karibu na ikweta ya anga, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili umepotoka kushoto au kulia. Nausogeza kidogo na kuangalia tena mpaka nyota itulie. Halafu narudia kwa nyota ya chini mashariki, safari hii nikirekebisha mwinamo. Kabla ya kununua traka, hakikisha inashuka mpaka nyuzi 9 na uzito wake wa kusawazisha haugongi mguu wa tripodi. Nyingi zimeundwa kwa ajili ya watu wanaoishi mbali na ikweta.

Jasho hilo linalipa! Katikati ya Juni, saa tatu kasorobo usiku, Omega Centauri, kundi kubwa la nyota, iko kwenye kilele chake, na London hawaioni kamwe. Nebula ya M8 inapita hapa kwenye nyuzi 74, karibu na utosi, hewa ya kupenya ikiwa kidogo. London haifiki hata 15.

Piga picha nyingi za sekunde 30, uziunganishe kwa Siril, programu ya bure. Ukizidisha idadi mara nne, chengachenga, yaani vidoadoa vya picha, zinapungua kwa nusu, na baridi ya Juni inazipunguza zaidi ndani ya kamera yenyewe.