Je, wajua kwa nini programu hujengwa upya hata kama hujagusa kitu?

Umeandika `make`, amri ya kuijenga programu kutoka msimbo wake, umesubiri dakika kumi, programu imekamilika. Hujabadilisha hata nukta. Unaandika `make` mara ya pili, na kompyuta inaanza kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, mafaili yaleyale kana kwamba haijawahi kuyaona. Watengenezaji wengi wa programu huishia kulizoea jambo hili: wanainuka kwenda kutafuta chai, wakirudi kazi imekwisha. Mimi naona si la kuzoea hata kidogo, kwa sababu kila linapotokea lina chanzo mahususi, na chanzo hicho mara nyingi huonekana ndani ya dakika chache ukijua pa kutazama.

Tuanze na Make yenyewe. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 katika Bell Labs, Marekani. Amesimulia mwenyewe ilivyotokea: mwenzake Steve Johnson, mtunzi wa programu ya yacc, aliingia ofisini kwake kwa hasira baada ya kupoteza asubuhi nzima akisaka kosa katika programu isiyokuwa na kosa tena. Kosa alikwisha kulirekebisha. Faili tu ndilo lilikuwa halijakompailiwa upya. Feldman akaiunda Make mwishoni mwa juma hilohilo, na mwaka 2003 ACM, chama cha wanasayansi wa kompyuta, ikamtunuku kwa kazi hiyo.

Yaani Make ililetwa kutibu ugonjwa ulio kinyume cha huu wetu. Iliogopa kuacha kujenga panapohitajika, ndiyo maana penye shaka hujenga.

Kanuni yake ni fupi. Kama faili la matokeo halipo, au kama lolote kati ya mafaili linayoyategemea ni jipya kuliko lenyewe, jenga. Basi. Haitazami kilichomo ndani. Ni karani anayepanga barua kwa kusoma muhuri wa tarehe juu ya bahasha, wala hafungui hata moja. Kwa hiyo swali la "kwa nini inajenga tena?" kwa kweli ni swali la "ni faili gani linaonyesha saa mpya kuliko linavyostahili?"

Na jibu Make inalo, inangoja kuulizwa. Jenga kila kitu hadi mwisho, kisha papo hapo andika `make --trace`. Kwa kila faili inalolijenga itakutajia lililosababisha. Kwa wanaotumia Ninja, chombo kingine cha kujengea programu, ni `ninja -d explain`. Usome kwanza mistari ya juu, maana mingi inayofuata ni matokeo ya ile ya mwanzo. Na tafadhali, usikimbilie `make clean`. Amri hiyo kwa kawaida hufuta kila kilichojengwa, pamoja na ushahidi wote, na kesho tatizo litakuwa palepale.

Chanzo chepesi kuliko vyote ni jina lisilolingana. Kanuni uliyoiandika katika Makefile, faili la maagizo ya Make, inasema itatengeneza `hesabu`, lakini amri zake zinaandika `bin/hesabu`. Make hutafuta `hesabu`, hailioni, hujenga. Kila siku. Ndugu wa kosa hili ni faili halisi kutegemea lengo lililotangazwa `.PHONY`, yaani jina la kazi tu lisilo faili: lengo la namna hiyo halihesabiwi kamwe kuwa limekamilika, hivyo kila kinachoning'inia juu yake hujengwa daima.

Lililonisumbua mimi zaidi lilikuwa folda. Nilitaka mafaili ya `.o`, yaani matokeo ya kukompaili, yakae ndani ya `obj`, nikaandika `obj` kati ya mategemeo ili iundwe kwanza. Kila nilipojenga mara ya pili, mafaili yote yalirudiwa isipokuwa moja, lile la mwisho. Huyo aliyesalimika ndiye aliyenifumbua macho. Saa ya folda husogea mbele kila faili linapoingia au kutoka ndani yake. Faili la kwanza likiandikwa, kisha la pili likaingia, folda tayari ni mpya kuliko lile la kwanza. La tatu likiingia, folda inalipita la pili. La mwisho tu halina wa kumfuata. Dawa yake ni alama moja, mstari wima:

`obj/%.o: %.c | obj`

Kilicho kulia kwa mstari huo lazima kiwepo kabla ya kazi kuanza, lakini saa yake haihesabiwi.

Halafu kuna mafaili yanayotengenezwa na hati za programu, kwa mfano heda (faili la `.h` linaloingizwa ndani ya mafaili mengine ya msimbo) yenye namba ya toleo. Hati inaliandika upya kila mara, maneno yaleyale, ila muhuri ni mpya, na mamia ya mafaili yanayoisoma heda hiyo yanaamka. Hapa huandikwa faili la muda kwanza, kisha hulinganishwa:

`cmp -s toleo.tmp toleo.h || mv toleo.tmp toleo.h`

Kama hakuna tofauti, la zamani linabaki na saa yake, na Make ikitazama inakuta halijasogea. Ninja nayo hufanya hivyo ukiiandikia `restat = 1`. Ila ukiweka tarehe na saa ya sasa ndani ya heda hiyo, umejifunga mwenyewe: hakuna siku italingana na ya jana.

Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, nayo haihifadhi saa za mafaili. Ukihamia tawi jingine, yaani toleo sambamba la msimbo, kutazama jambo kisha ukarudi, kila faili lililotofautiana kati ya matawi mawili limeandikwa upya na kupewa saa ya sasa, ingawa maneno yake ni yale ya asubuhi. Kufungua tawi la pili katika folda yake kwa `git worktree` kunaepusha hilo. Njia nyingine ni ccache, programu iliyoanzishwa na Andrew Tridgell, ambayo huufungua msimbo na kuufanyia alama ya kipekee; ikiwa imewahi kuuona, inarudisha matokeo ya awali bila kukompaili.

Lakini suluhisho ninalolipenda kuliko yote limo katika kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji. Kerneli ina maelfu ya chaguo za usanidi, zote zikiorodheshwa katika heda moja, `autoconf.h`, na heda hiyo huingizwa katika kila faili linalokompailiwa. Ukizima chaguo moja tu la kadi ya sauti, heda inabadilika, na kwa kanuni ya Make kerneli nzima ingepaswa kurudiwa.

Waandishi wake hawakuitupa Make. Waliandika programu ndogo iitwayo fixdep. Kila faili likishakompailiwa, fixdep huchukua orodha ya mategemeo yake, huiondoa `autoconf.h`, kisha husoma msimbo wenyewe ikitafuta majina yanayoanza na `CONFIG_`. Kwa kila jina inaloliona, huongeza tegemeo kwenye faili dogo lenye jina la chaguo hilo ndani ya `include/config`. Chaguo likibadilishwa, faili lake peke yake ndilo linaloguswa, na wanaojengwa upya ni wale tu waliolitaja.

Fungua folda hiyo uyasome mafaili hayo ya chaguo. Hayana kitu. Kila moja ni tupu, baiti sifuri, limebeba jina na saa.