Madoa meupe ya perege: chumvi inaua nini, na lini

Juni na Julai, maji ya mabwawa ya Rungwe na Njombe yakipoa, perege hula kidogo na kinga yake hulegea. Hapo ndipo Ichthyophthirius multifiliis hupata mwanya.

Kidudu hiki kina seli moja tu. Kikikomaa chini ya ngozi ya samaki hufikia karibu milimita 1. Ndicho kile kidoa kama punje ya chumvi unachokiona kwenye pezi. Kisha hutoka, huzama, hujifunga kwenye ganda la ute juu ya tope au jani, na humo hujigawa kuwa mamia ya watoto. Watoto wasipopata samaki ndani ya siku mbili hivi, wanakufa.

Chumvi huua watoto hao tu. Aliye chini ya ngozi amejikinga, na aliye kwenye ganda vilevile. Mfugaji anatia chumvi Jumatatu, Jumatano madoa yapo palepale, anasema kauziwa feki. Si feki, hajangoja. Kwenye nyuzi 25 mzunguko huisha kwa siku 3 hadi 6. Kwenye nyuzi 15, siku 10 hivi. Ukifuata ratiba ya mfugaji wa Dar es Salaam, huku Mbeya utakatiza tiba wakati wengi bado wako kwenye ngozi. Mimi hushauri wiki tatu, na kipimajoto ndani ya maji.

Kipimo: kilo 3 kwa simtanki ya lita 1,000. Yeyusha kwenye ndoo, mimina kidogo kidogo. Ukibadilisha lita 300, rudisha gramu 900. Bwawa la mita 10 kwa 15, kina mita 1, lingedai kilo 450, na maji hayo yakifunguliwa yanaishia kwenye mboga. Hamishia samaki tankini, kausha bwawa mpaka tope lipasuke.

Usisubiri madoa. Wakati mwingine kidudu kiko kwenye matamvua pekee, na samaki wanajazana maji yanapoingilia, wakihema. Kwangua ute wa samaki aliye hai (kwa aliyekufa vidudu huondoka upesi), weka tone la maji ya bwawa, tazama kwa darubini ukuzaji wa 100. Utaona duara linalojiviringisha polepole, ndani yake kiini chenye umbo la herufi C. Kinachozunguka kama kisahani chenye meno ni Trichodina, habari nyingine.

Samaki wa baharini nao wana madoa kama haya, ya Cryptocaryon irritans, ambaye kiini chake ni shanga nne. Huyo kwake chumvi ni nyumbani.